Kamera Ikikuita Mwizi: Somo la Kupima Mashine za Polisi za Kutambua Sura



Mhariri wetu ameniomba niandike somo moja la fani yangu, akanionya mapema: "Ndugu yangu, usituletee milinganyo, watu watafunga gazeti." Basi milinganyo sileti. Hesabu kidogo zitakuwepo, zile za kuzidisha na kugawanya, na aliyepita darasa la saba anazimudu. Somo la leo ni mashine ambazo polisi wa nchi mbalimbali wanazitumia kutambua watu kwa sura zao. Swali langu ni moja tu: mtu akikwambia mashine yake ni sahihi kwa asilimia 99, umuulize nini kabla hujamwamini?

Nianze na kisa kilichonipata mwenyewe.

Ilikuwa jioni ya mwezi wa sita, na baridi ya Johannesburg wakati huo si mchezo. Nimetoka kwenye teksi, nimevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi, natembea kuelekea chumba changu cha uani. Askari wawili wa doria wakanisimamisha, wakataka pasipoti. Nikaitoa. Sasa picha ile ilipigwa miaka sita nyuma, enzi hizo mwembamba kama fito, kichwa kimenyolewa, miwani sijaanza kuvaa. Askari akamulika tochi kwenye picha, akanimulika usoni, akarudi kwenye picha. Akasema, "Bhuti, huyu si wewe." Nikavua kofia. Nikavua miwani. Akatikisa kichwa. Watu wakaanza kukusanyika, na huko nyuma nikasikia lile neno la kutuita sisi wageni ambalo sitaliandika hapa.

Aliyeniokoa ni mama mwenye nyumba yangu, ambaye wote tunamwita Gogo. (Huku Gogo ni bibi, jamani, si gogo la mti.) Alikuwa anatoka dukani na mkate wake, akaniona kwa mgongo, tena gizani, akaita jina langu toka mbali. Akaongea nao Kizulu kwa dakika mbili, pasipoti ikarudi mkononi mwangu, tukaenda zetu.

Kisa kile kilinifundisha jambo ambalo wataalamu wa saikolojia wamelijua siku nyingi: binadamu ni hodari sana kumtambua mtu aliyemzoea, na ni dhaifu kuliko anavyodhani kulinganisha sura ya mgeni na picha. Yule askari sina haja ya kumlaumu sana. Alikuwa na uso mmoja na picha moja, akashindwa. Je, mashine inayotazama nyuso elfu kadhaa kwa siku, na kuzilinganisha na picha elfu kumi?

KAZI MBILI ZISIZOFANANA

Kwanza tutenganishe kazi mbili, maana wauzaji hupenda kuzichanganya.

Kazi ya kwanza ni kuhakikisha. Mashine inaulizwa, "Je, huyu ndiye yule?" Ni uso mmoja na picha moja, kama simu yako inavyofunguka ukiitazama, au lango la uwanja wa ndege linalosoma pasipoti. Hapo umesimama mwenyewe mbele ya kamera, mwanga mzuri, hutikisiki.

Kazi ya pili ni kutafuta. Mashine inaulizwa, "Huyu anayepita ni nani kati ya hawa wote kwenye orodha yetu?" Hii ndiyo kazi ya kamera ya polisi barabarani. Mtu anapita mbio, ameinamia simu, jua linampiga kisogoni, kofia kichwani, na kamera imefungwa juu ya nguzo inamtazama utosini. Mashine iliyofaulu vizuri kazi ya kwanza haijathibitisha lolote kuhusu kazi ya pili.

Ndani yake mashine inafanya hivi. Programu inatafuta mahali uso ulipo kwenye picha. Halafu inaugeuza uso huo kuwa safu ya namba, mara nyingi 128 au 512. Picha mbili za mtu mmoja zinatakiwa zitoe safu zinazokaribiana, na picha za watu wawili zitoe safu zilizo mbali. Programu ilijifunza kufanya hivyo kwa kuonyeshwa mamilioni ya picha. Mwishoni inatoa alama ya ufanano, tuseme 0.61. Naomba tukumbuke hapo: mashine haisemi kamwe "ndiye". Inatoa alama. Anayesema "ndiye" ni binadamu aliyeamua kwamba alama hiyo inatosha.

MAKOSA MAWILI NA KIZINGITI

Alama inayotosha tuiite kizingiti. Ni sawa na alama ya kufaulu mtihani. Mwalimu mkuu akiishusha kutoka 50 hadi 30, waliofaulu wataongezeka, ila na wasiojua kitu watakuwemo. Akiipandisha hadi 80, waliofaulu ni wajuzi kweli, ila wazuri wengi wameachwa nje.

Kwa hiyo mashine ina makosa ya aina mbili. La kwanza ni kosa la kusingizia: kengele inalia kwa mtu asiyehusika. La pili ni kosa la kupitwa: mtu anayetafutwa anapita na kengele haikulia. Ukishusha kizingiti unapunguza kupitwa na kuongeza kusingizia. Ukipandisha, kinyume chake. Hakuna namna ya kukwepa hilo kwa mashine ile ile; anayeiendesha anachagua kosa lipi alivumilie.

Hivyo swali la kwanza la kumuuliza mwenye mashine ni hili: asilimia 99 ya nini, na kwa kizingiti kipi? Kama hana jibu, mazungumzo yameishia hapo.

HESABU YA UWANJA WA MPIRA

Twende sasa FNB Stadium pale Nasrec, mlangoni mwa Soweto, uwanja unaochukua watu karibu 95,000. Ni siku ya Kaizer Chiefs na Orlando Pirates. Namba zifuatazo ni za mfano, nimezipanga mwenyewe ili tujifunze.

Tuseme wameingia watu 90,000. Kati yao, 20 wanatafutwa na polisi kwa makosa ya kweli. Mashine ni nzuri: inawakamata 9 katika kila 10 wanaotafutwa, na inamsingizia mtu 1 tu katika kila 1,000 wasiohusika. Kengele ngapi zitalia?

Wanaotafutwa: 9 kwa 10 ya watu 20 ni 18.
Wasiohusika: watu 89,980 gawanya kwa 1,000 ni takriban 90.
Jumla ya kengele: 108.

Kati ya watu 108 watakaovutwa pembeni, 18 ndio wenyewe na 90 hawana hatia. Yaani kila watu sita wanaoshikwa, watano wamesingiziwa. Na mashine imekosea mara ngapi kwa jumla? Mara 92 katika watu 90,000. Muuzaji atapanda jukwaani atangaze "usahihi wa asilimia 99.9", na hatakuwa amesema uongo!

Hili huwashangaza hata wenzangu wa maabara. Sababu ni kwamba wanaotafutwa ni wachache mno na wapita njia ni wengi mno. Kosa dogo likizidishwa kwa umati linameza ukweli wote. Ndiyo maana swali la pili ni hili: katika kila kengele kumi, ngapi ni za kweli?

Sasa tuongeze haki. Tugawe umati ule katika makundi mawili, A na B, kila moja watu 45,000. Tuseme kwa kundi A mashine inasingizia watu 5 tu, na kwa kundi B inasingizia 85. Jumla bado ni 90. Wastani bado ni 1 kwa 1,000, na tangazo la muuzaji halibadiliki hata nukta. Lakini mtu wa kundi B ana hatari mara 17 zaidi ya jirani yake waliyeketi kiti kwa kiti. Wastani umeficha kila kitu. Swali la tatu, basi: matokeo yako wapi kwa kila kundi, peke yake?

WALIOPIMA WAMEONA NINI

Hebu tutoke kwenye mifano ya kubuni twende kwenye vipimo vilivyofanyika.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru (huyu wa pili ni mzaliwa wa Addis Ababa, jirani yetu) walipima programu tatu za makampuni zilizodai kutambua kama uso ni wa mwanamume au mwanamke. Walitumia picha 1,270 za wabunge wa nchi sita: Rwanda, Senegal na hapa Afrika Kusini, pamoja na Iceland, Finland na Sweden. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7 kwenye programu mojawapo. Tuwe waangalifu: kile kilikuwa kipimo cha kutambua jinsia, si cha kutafuta mtu kwenye orodha ya polisi. Ila kiliwafundisha wahandisi kwamba lazima ugawe matokeo kwa rangi na jinsia kwa pamoja. Ukiangalia weusi wote kwa jumla, au wanawake wote kwa jumla, mwanamke mweusi anapotea katikati.

Desemba 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa ripoti kubwa zaidi. Walipima programu 189 za watengenezaji 99, kwa picha zaidi ya milioni 18 za watu zaidi ya milioni 8. Sikilizeni hii, ndugu zangu wa Afrika Mashariki: katika picha zile zilikuwemo za watu wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Ilionekana kwamba kwa programu nyingi kosa la kusingizia lilikuwa kubwa zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki, na dogo zaidi kwa watu wa Ulaya Mashariki. Tofauti mara nyingi ilikuwa mara 10 hadi mara 100. Wanawake walisingiziwa zaidi kuliko wanaume.

Kulikuwa na mambo mawili mengine kwenye ripoti ile ambayo magazeti mengi yaliyapita haraka. Moja, si programu zote zilizokuwa mbaya. Chache zilikuwa na tofauti ndogo sana. Pili, baadhi ya programu zilizotengenezwa China hazikuwa na tatizo lile kwa nyuso za Asia Mashariki. Maana yake, hakuna kitu katika sura ya Mwafrika au Mchina ambacho mashine haiwezi kukijifunza. Mashine inajua nyuso ilizofundishwa. Tatizo liko kwa mwalimu na vitabu alivyochagua.

Uingereza nako kuna somo la kizingiti. Mwaka 2023 Maabara ya Taifa ya Fizikia, NPL, ilichapisha kipimo cha mashine inayotumiwa na polisi wa London na wa South Wales. Kizingiti kikiwa 0.6, hawakuona tofauti ya maana kati ya makundi ya rangi. Walipokishusha chini ya hapo, weusi wakaanza kusingiziwa zaidi. Mashine ile ile, kamera ile ile! Aidha, kwa orodha ya watu 10,000 kosa la kusingizia lilikuwa 1 katika wapita njia 6,000. Kwa orodha ya watu 1,000 likawa 1 katika 60,000. Orodha ikiongezeka mara kumi, hatari yako wewe usiyehusika nayo inaongezeka mara kumi.

Desemba 2025 ikatoka ripoti nyingine, ya programu ambayo polisi wa Uingereza waliitumia kutafuta picha za washukiwa kwenye hifadhi yao ya taifa. Kwenye mpangilio mmoja uliopimwa, kosa la kusingizia lilikuwa asilimia 0.04 kwa weupe na 5.5 kwa weusi. Kwa wanaume weusi ilikuwa 0.4, na kwa wanawake weusi 9.9. Mtaona kwamba lile somo la 2018, la kugawa rangi na jinsia kwa pamoja, bado linahitajika.

PICHA NA PASI: HISTORIA YA HAPA

Mpaka hapa mtu anaweza kusema, "Basi tutengeneze mashine inayowaona weusi vizuri, kazi imekwisha." Ninyi mnaokaa mbali na Soweto naomba niwapitishe kidogo kwenye historia ya hapa.

Chini ya ubaguzi wa rangi, kila Mwafrika mtu mzima alilazimika kubeba kitabu cha pasi chenye picha yake, kwa sheria ya mwaka 1952. Watu wa hapa walikiita dompas, yaani pasi ya kijinga. Ukikutwa huna, unalala ndani. Tarehe 21 Machi 1960, siku ile ile polisi walipoua watu 69 kule Sharpeville, Robert Sobukwe alitembea na wenzake hadi kituo cha polisi cha Orlando, hapa hapa Soweto, bila pasi, ili wakamatwe. Sheria zile zilifutwa mwaka 1986.

Picha za pasi zilipigwa na kamera gani? Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni ya Polaroid huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba mitambo ya kampuni yao inatumika hapa kutengenezea picha za pasi. Wakaanzisha kampeni kazini, Hunter akafukuzwa, hawakunyamaza. Polaroid iliacha biashara yake Afrika Kusini mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya wanafunzi wa Soweto kuandamana tarehe 16 Juni 1976. Kamera ile ya vitambulisho ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya mwanga wa taa yake, na wapo waliosema baadaye kwamba kilifaa hasa kwa ngozi nyeusi.

Mnaona ninapoelekea? Picha iliyo wazi kwenye dompas haikuwa faida kwa mwenye dompas. Kamera iliyomwona vizuri ilimrahisishia kazi askari aliyekuja kumkamata kwa sheria ya dhuluma. Kwa hiyo kupima usahihi ni lazima, na hakutoshi. Baada ya kuuliza "inaona sawasawa?" tunauliza "nani ameweka majina kwenye orodha, na kwa kosa gani?" Kama orodha ya wanaotafutwa inajumuisha kila mgeni ambaye kibali chake kimechelewa ofisini, mashine isiyokosea kabisa ndiyo ya kutisha zaidi.

Na mambo haya si ya mbali na sisi. Polisi wa Kenya walitangaza mwaka 2018 kuunganisha utambuzi wa sura na kamera za barabarani. Mwaka 2019 polisi wa Uganda walithibitisha mradi wa kamera za Huawei wa dola milioni 126, wenye uwezo huo wa kutambua sura. Hapa Johannesburg, Februari 2024 serikali ya jimbo la Gauteng ilisaini makubaliano na kampuni binafsi ya Vumacam ya kutumia kamera zake zaidi ya 6,000. Kampuni hiyo imewahi kueleza kwamba kamera zake husoma namba za magari, si sura za watu. Vema. Lakini nguzo, nyaya na kamera zikishakuwepo, kuongeza utambuzi wa sura ni suala la programu tu. Wakati wa kuuliza maswali ni kabla.

NAMNA YA KUPIMA

Tuseme siku moja jumuiya yetu imealikwa kushuhudia kipimo cha mashine kama hiyo pale stendi ya teksi ya Bara, mkabala na hospitali ya Chris Hani Baragwanath. Mambo ya kuangalia ni haya.

1. Pima mahali penyewe. Picha za studio hazitoshi. Pima asubuhi jua likiwa chini, mchana, na jioni taa zikiwashwa. Pima Juni watu wakiwa na kofia na mitandio, na Januari wakiwa hawana.

2. Tumia watu wa kujitolea waliokubali kwa maandishi. Kwa sheria ya Afrika Kusini ya kulinda taarifa binafsi, POPIA, alama za mwili kama sura ni taarifa za pekee zenye ulinzi zaidi. Picha za kipimo zifutwe kipimo kikiisha.

3. Watu hao wafanane na wanaopita pale. Vijana na wazee, wanawake kwa wanaume, weusi wa kila kiwango cha rangi, na wageni pia: Msomali wa dukani, Mkongo, Mzimbabwe, Mtanzania. Mashine iliyopimwa kwa Wazulu na Wasotho tu haijapimwa kwangu.

4. Baadhi yao waingizwe kwenye orodha, wengine wasiingizwe. Bila hivyo huwezi kupima makosa yote mawili. Na orodha iwe na ukubwa ule ule utakaotumika kazini.

5. Kizingiti kitangazwe kabla ya kipimo, na kisibadilishwe baadaye bila kupima upya.

6. Idadi itoshe. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Mtu atakwambia, "Tumejaribu kwa watu 50, haikusingizia hata mmoja." Kuna kanuni rahisi ya takwimu: ukiona makosa sifuri katika majaribio kadhaa, gawanya 3 kwa idadi ya majaribio, upate kiwango cha juu ambacho makosa ya kweli yanaweza kufikia, kwa uhakika wa asilimia 95. Watu 50 bila kosa ina maana makosa bado yanaweza kuwa hadi asilimia 6. Ukitaka kudai "chini ya 1 kwa 1,000" unahitaji majaribio 3,000 bila kosa, tena kwa kila kundi.

7. Mpime na askari. Kengele ikilia, askari huangalia picha mbili kabla hajachukua hatua. Binadamu akishaambiwa na kompyuta "huyu ndiye", macho yake hutafuta kukubali. Apewe kengele za kweli na za uongo zilizochanganywa, tuone anagundua ngapi.

8. Anayepima asiwe anayeuza. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi iliyofunguliwa na mkazi wa Cardiff dhidi ya polisi wa South Wales, iliamua kwamba polisi walikosea, pamoja na mambo mengine, kwa kutohakikisha wenyewe kama programu ina upendeleo wa rangi au jinsia. Kwamba muuzaji hafichui siri zake za biashara haikuwa kisingizio. Kununua ni kukubali jukumu la kupima.

Na baada ya kipimo, iwepo sheria ya nini kinafuata kengele ikilia. Januari 2020 mtu mmoja mweusi wa eneo la Detroit alikamatwa nyumbani kwake, mbele ya mkewe na watoto wake wadogo, kwa sababu programu ilifananisha picha hafifu ya kamera ya duka na picha ya leseni yake ya zamani ya udereva. Alikaa rumande karibu saa 30 kwa wizi ambao hakuufanya. Mwaka 2024 yalifikiwa makubaliano mahakamani: polisi wa Detroit hawaruhusiwi kumkamata mtu kwa matokeo ya mashine peke yake. Sentensi moja hiyo kwenye kanuni za polisi inaweza kulinda watu wengi kuliko programu mpya.

Mimi ni mhandisi, sipingi mashine. Zipo siku mashine nzuri, iliyopimwa vizuri, ingeweza kufanya kazi vizuri kuliko yule askari na tochi yake. Lakini yule askari niliweza kuzungumza naye, na Gogo aliweza kuja kunitolea ushahidi. Ninachodai kwa mashine ni kwamba nayo iweze kuulizwa na kubishiwa: nionyeshwe alama iliyonipa, kizingiti chake, na makosa yake kwa watu wenye sura kama yangu. Mwenye mashine akikataa kunionyesha hayo, asiifunge pale stendi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza kwa maneno yako tofauti ya kuhakikisha na kutafuta. Simu yako hufanya ipi?

2. Stendi ya teksi inapitisha watu 60,000 kwa siku. Wanaotafutwa ni 10, na mashine inawapata 8. Inasingizia mtu 1 katika kila 2,000. Kengele ngapi zitalia, na ngapi kati yake ni za kweli?

3. Muuzaji amepima wanawake weusi 100 bila kosa la kusingizia. Anaweza kudai nini kwa haki, na hawezi kudai nini?

4. Uliza katika mji unaosoma: je, polisi wa hapo wanatumia utambuzi wa sura, nani alipima, na matokeo yamechapishwa kwa kila kundi? Tuletee jibu tulichapishe.

(Jibu la swali la 2: kengele kama 38, za kweli 8, yaani moja tu katika kila tano hivi. Jibu la 3: anaweza kudai kwamba makosa hayazidi takriban asilimia 3. Zaidi ya hapo anajisifu.)

Wasalaam, na tukutane toleo lijalo. Na wale ambao pasipoti zao zina picha za miaka ile mkiwa wembamba kama fito, msitoke bila kitambulisho cha chuo!